Kwa nini ziwa halilindwi kama msitu, wala bahari kama mbuga

Uganda haina pwani. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na wengi huzeeka bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo suala la kulinda bahari linatugusa. Mkataba wa bioanuwai, ambao Uganda ni mwanachama wake, uliweka Montreal mwezi Desemba 2022 lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na maji ya bara, na asilimia 30 ya bahari, ifikapo mwaka 2030. Halafu kuna Ziwa Victoria, kilomita za mraba 68,800, nchi tatu mezani, mawimbi yanayozamisha vyombo. Ukitaka kulilinda utakutana na matatizo ya mtu wa Lamu au wa kisiwa cha Mafia, si matatizo ya askari wa msitu wa Bwindi.

Kwa hesabu za dunia za mwaka 2024, karibu asilimia 17 ya nchi kavu ilikuwa ndani ya hifadhi, na bahari ni kama asilimia 8 tu. Wengi huzisoma tarakimu hizo wakasema bahari imesahaulika, na dawa ni kuchora mistari zaidi kwenye ramani. Mkanganyiko unaanzia hapo. Ardhini mstari wa hifadhi humzuia mtu, na mara nyingi hiyo inatosha. Majini mstari uleule hauzuii karibu chochote, isipokuwa pale ambapo samaki mwenyewe ana sababu ya kutouvuka.

Mpaka unaoshika

Tuanze na nchi kavu, kwa kuwa ndiyo rahisi. Hifadhi ya Taifa ya Bwindi ilitangazwa mwaka 1991, kilomita za mraba 321. Mpaka wake unaonekana hata kwenye picha za setilaiti: huku viazi, migomba na chai, kule msitu, katikati hakuna kitu. Gorila wa milimani waliohesabiwa humo na katika hifadhi jirani ya Sarambwe, upande wa Kongo, mwaka 2018 walikuwa 459. Wapo wanaotoka kidogo kula migomba ya watu na kurudi, lakini maisha yao yote yanapita katika eneo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu. Wamehesabiwa kwa kufuata vitanda vyao vya majani na kinyesi chao, na hesabu ikirudiwa baada ya miaka kadhaa, tofauti inaonekana.

Kazi ya kulinda eneo la namna hiyo ni ngumu lakini inaeleweka. Chukua mitego ya waya katika Hifadhi ya Murchison Falls. Tairi likichomwa moto, mpira unaungua na kuacha nyaya nyembamba za chuma. Zinasokotwa kuwa kitanzi, na kitanzi kinafungwa kwenye shina la mti au gogo zito, kikining'inizwa katika njia ya wanyama kwa urefu wa kichwa cha swala. Askari mzoefu hatafuti waya, kwa sababu waya wenye kutu hauonekani kwenye nyasi. Anatafuta njia: nyasi zilizolala, kinyesi kipya, gome lililochubuka, matawi yaliyowekwa kama uzio mdogo ili mnyama asipite pembeni. Mtego ukipatikana ushahidi upo mkononi, na ukiondolewa hatari ya hapo imekwisha. Mti ukikatwa, kisiki kinabaki kikisema. Ardhi ina kumbukumbu.

Shida kubwa ya mpaka wa nchi kavu ni mnyama anayeuvuka, hasa tembo. Kuzunguka hifadhi za Kibale na Queen Elizabeth yamechimbwa mahandaki ya mita 2 kwenda chini na mita 2 upana. Kwenye udongo mgumu wa tambarare handaki hufanya kazi vizuri. Kwenye udongo wa kichanga kingo hubomoka, na tembo hujifunza haraka kuzisukuma kwa mguu hadi atengeneze ngazi. Kila baada ya mvua kubwa lazima tope litolewe, la sivyo handaki hugeuka mfereji wa kina cha goti. Halafu handaki haliwezi kuvuka mto wala barabara, na tembo hupita papo hapo. Ndiyo maana vijiji vingine vimechanganya njia: mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, pilipili, uzio wa miba, na mashamba ya chai ambayo tembo hana hamu nayo. Miaka ya karibuni uzio wa umeme umeongezwa katika sehemu za Queen Elizabeth. Wenyewe unadai nyasi zikatwe chini ya waya kila mara, maana jani bichi likigusa waya, umeme unaishia ardhini.

Lakini tazama hali yenyewe ilivyo. Hasara inajulikana inaangukia nani. Ni mtu mwenye jina, mwenye shamba la mahindi lililoliwa usiku wa jana. Sheria inataka asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini zirudi kwa jamii jirani, na kwenye kila kibali cha kuwaona gorila kuna dola 10 zinazotengwa kwa ajili yao juu ya hiyo. Fedha hizi huchelewa na hazitoshi, manung'uniko ni mengi, ila utaratibu upo kwa sababu jirani anaweza kuonyeshwa kidole. Msitu una jirani. Ziwa lina watumiaji.

Majini, mpaka wa nani?

Mbuga za kwanza za bahari Afrika Mashariki zilitangazwa Malindi na Watamu, Kenya, mwaka 1968. Tanzania ilifuata na Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995. Ukifika huko utaona maboya yanayoonyesha mpaka. Chini ya maboya hakuna kitu. Maji yanapita, na yaliyomo majini yanapita nayo: mayai, vijisamaki vichanga visivyozidi ukubwa wa punje ya mchele, mbolea iliyooshwa mashambani, joto.

Viumbe wengi wa baharini huanza maisha wakielea. Yai la matumbawe au la chewa likiwa limetagwa ndani ya hifadhi, mtoto wake anaweza kupelekwa na mkondo kwa siku au wiki kadhaa kabla hajatua. Kwa hiyo hifadhi inaweza kuwa inalinda wazazi wa samaki watakaovuliwa kwingine, na watoto wake yenyewe wakawa wanatoka kwenye mwamba usiolindwa kabisa. Msituni mbegu nyingi huanguka karibu na mti, au hubebwa na ndege na tembo. Majini umbali huo unaweza kuwa mkubwa mara nyingi zaidi.

Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuchora hifadhi yoyote ya maji basi ni dogo tu: samaki unayetaka kumlinda, akishakuwa mkubwa, huzunguka umbali gani? Changu na chewa hukaa karibu na mwamba wao, na eneo la kilomita chache linawafaa. Jodari huvuka bahari nzima. Kumtengea jodari kipande cha bahari ni kumfungia mlango mtu ambaye nyumba yake haina kuta.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia hifadhi 87 za bahari duniani na kuuliza zipi kweli zina samaki wengi kuliko maji yanayovuliwa. Mambo matano yalijitokeza: uvuvi uwe umekatazwa kabisa, ulinzi uwe wa kweli, hifadhi iwe na zaidi ya miaka 10, iwe kubwa kuliko kilomita za mraba 100, na iwe imetengwa na maji ya kina au mchanga. Hifadhi zenye sifa moja au mbili tu, ambazo zilikuwa zaidi ya nusu, hazikutofautika na mahali pasipolindwa. Yaani kwenye ramani zimo, kwenye hesabu ya asilimia zimo, ila samaki hawana habari nazo.

Sifa ya tano ndiyo ya kuvutia, na kwa kawaida hupitiwa haraka. Mwamba uliozungukwa na mchanga mtupu au maji ya kina una mpaka ambao samaki wa mwamba hapendi kuuvuka, kwa sababu huko atakuwa uchi mbele ya maadui. Hakuna aliyeuchora. Tutaurudia mpaka wa namna hii, maana Uganda tunao, tena wa ajabu kuliko wa baharini.

Badala ya mstari: macho ya wavu, sentimita na miezi

Kwa kuwa eneo halishikiki, ulinzi wa maji umelazimika kushika vitu vingine: chombo, ukubwa wa samaki, na wakati. Kwenye Ziwa Victoria sheria zinafahamika kwa kila mwalo, yaani kituo cha kushushia samaki, hata kama hazifuatwi. Mtumbwi usiwe chini ya futi 28. Wavu wa kutega uwe na macho ya inchi 5 kwa sato na inchi 7 kwa sangara. Sangara anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85.

Kila tarakimu hapo ina sababu yake. Mtumbwi mfupi hauwezi kwenda mbali, kwa hiyo huvua karibu na ufuo, na ufuoni ndiko sato huzalia. Dume la sato huchimba kishimo kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga humo kisha huyabeba mayai mdomoni. Kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokota, likivutwa juu ya mchanga huo, vishimo vyote vinasawazishwa kwa mvuto mmoja, na hata samaki wakubwa wakiachiwa, msimu umeshapotea. Sangara yeye hana kiota. Mayai yake huelea. Kumlinda sangara kwa kufunga ghuba moja hakuna maana sana. Kumlinda kwa kuacha majike wakubwa kuna maana, kwa kuwa jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni, na majike wengi hawajapevuka wanapofikia sentimita 50. Ndiyo maana kuna kikomo cha juu pia, cha sentimita 85, jambo ambalo mvuvi huliona kichekesho: umekesha ziwani, umempata mkubwa, unaambiwa mrudishe.

Na huyo mkubwa ndiye mwenye bondo zito, yaani kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Mabondo ya sangara yanauzwa China kwa bei inayozidi nyama yake mara nyingi, na biashara hiyo imemgeuza jike aliyekusudiwa kuachwa awe ndiye anayetafutwa zaidi. Kanuni ya sentimita haishindani vizuri na bei ya namna hiyo.

Jicho la wavu hupimwa kwa kulivuta mpaka linyooke, kisha kupima kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Ni kipimo cha sekunde kumi. Ujanja nao ni wa sekunde kumi: nyavu mbili za inchi 7 zikifungwa pamoja, moja juu ya nyingine, macho yanapishana na tundu halisi linakuwa nusu. Mkaguzi anayepima wavu mmoja mmoja atakuta kila kitu halali. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zile nyembamba zinazong'aa, ni tatizo jingine: zikikatika na kupotea hazioni haja ya mvuvi, zinaendelea kutega na kuua peke yao chini ya maji kwa muda mrefu.

Dagaa, yaani mukene, wamevuruga mfumo mzima. Ni samaki wa kidole, hupevuka kabla hajatimiza mwaka, na kwa uzito ndiye anayeongoza katika mavuno ya ziwa. Kumvua kunahitaji wavu wa macho madogo na taa usiku, na wavu huohuo ukivutwa karibu na ufuo unabeba vifaranga vya sangara na sato. Nyavu za kuvuta haraka ambazo wavuvi huziita hariapu zimekuwa chanzo cha ugomvi usiokwisha kati yao na walinzi wa ziwa. Wote wawili wana hoja. Dagaa huzaliana upesi kiasi kwamba kumwacha bila kumvua ni kupoteza chakula cha maskini; lakini wavu haujui nani ni dagaa na nani ni mtoto wa sangara. Suluhisho linalotajwa na wataalamu ni umbali, yaani kuvulia dagaa maji ya ndani, na linahitaji mtumbwi mkubwa na mafuta ambayo mvuvi wa dagaa hana.

Wakati nao ni silaha, hasa baharini. Huko Pemba na Madagaska jamii za pwani hufunga miamba ya pweza kwa miezi miwili mitatu, kisha huifungua kwa siku moja iliyotangazwa. Inafaulu kwa sababu ya maumbile ya pweza mwenyewe: anaishi mwaka mmoja na kidogo, na akiwa mchanga uzito wake huongezeka upesi mno, kwa hiyo miezi miwili ya subira inaonekana kwenye mizani. Mahali ilipokwama, tatizo lilikuwa siku ya kufungua: watu wa vijiji jirani ambao hawakushiriki kungoja walikuja kuvuna. Mpango huo ukiigwa kwa samaki anayehitaji miaka mitano kupevuka hauna faida.

Uganda tulijaribu pia njia ya nguvu. Mwaka 2015 vikundi vya usimamizi wa mialo, vilivyokuwa vimeundwa tangu mwaka 2003, vilisimamishwa kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani. Nyavu na mitumbwi haramu vilichomwa kwa wingi, na mauzo ya sangara nje yakapanda katika miaka miwili iliyofuata. Vilevile malalamiko ya vipigo na mali kuteketezwa yakafika hadi Bungeni. Kinachokosekana katika njia hii ni kile ambacho askari wa msituni anacho: ushahidi unaobaki. Kisiki kinamngoja askari hadi kesho. Samaki mchanga aliyevuliwa saa nane za usiku ameliwa kabla ya saa tatu asubuhi, kwa hiyo ulinzi wa maji unalazimika kuwakamata watu wakiwa na vyombo, na mwenye chombo mara nyingi ndiye maskini kuliko wote katika mnyororo huo. Tajiri aliyemkopesha wavu yuko mjini.

Adui hupitia nchi kavu

Hapa tofauti inakuwa kubwa zaidi. Kinachovuka mpaka wa hifadhi ya ardhini ni kitu unachokiona: tembo, ng'ombe, mtu na panga. Kinachovuka mpaka wa maji kimeyeyuka ndani ya maji.

Mfano wa wazi uko Kampala. Maji machafu ya sehemu kubwa ya jiji hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, yanapita kwenye kinamasi cha Nakivubo, kisha yanaingia Ghuba ya Murchison. Kwenye ghuba hiyohiyo, Ggaba, ndipo jiji linapochota maji ya kunywa. Mafunjo ya kinamasi yalikuwa kichujio kati ya viwili hivyo. Yanavyofanya kazi ni hivi: mafunjo huelea kama mkeka mnene, mizizi ikining'inia, na maji yakitambaa polepole chini ya mkeka, tope linatuama, mizizi na vijidudu vyake vinakula naitrojeni na fosforasi. Neno la kushika ni polepole. Watu walipoanza kulima magimbi na miwa humo, walichimba mitaro ya kukausha, na maji yakapata njia ya mkato hadi ziwani bila kugusa mizizi. Ukipima eneo la kinamasi kwenye ramani, sehemu bado ipo. Kazi yake imekufa. Shirika la maji limelazimika kutumia dawa zaidi Ggaba, kujenga mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi, na kwenda kuchota maji mbali kule Katosi, Mukono. Gharama hizo ndizo bei ya mafunjo.

Ziwa George ni kisa kingine, nacho ni cha kusikitisha zaidi kwa kuwa lilipewa kila cheo cha ulinzi. Liko kando ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mwaka 1988 likawa eneo la kwanza la Uganda kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Kina chake wastani ni mita 2.4. Juu yake, mlimani Rwenzori, ulikuwapo mgodi wa shaba wa Kilembe uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Masalia ya mgodi, yenye madini ya salfa, shaba na kobalti, yalirundikwa Kasese. Mvua ikiyapiga hutoa asidi, na asidi hiyo imeacha ukanda usioota majani ndani ya hifadhi yenyewe ukielekea ziwani. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya mwaka 2013 na 2020 yalimomonyoa masalia mengine upya. Askari wote wa hifadhi wakisimama mpakani usiku na mchana, hawawezi kuukamata mto.

Magugu maji yalitufundisha somo hilohilo kwa sura nyingine. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, mengine yakiletwa na mto Kagera. Kuyang'oa kwa mikono kulishindwa, kwa kuwa huongezeka maradufu ndani ya wiki chache. Mwaka 1995 Uganda ilianza kuachia aina mbili za vidungadunga, wadudu wa jenasi ya Neochetina, ambao hula magugu hayo tu. Mabuu yao hutoboa mabua hadi mmea unazama. Kufikia mwisho wa muongo huo, wadudu hao pamoja na mawimbi na mvua za El Niño vilikuwa vimeyapunguza sana. Lakini hayakwisha, na hayatakwisha maadamu mbolea ya mashambani na majitaka ya miji yanaendelea kuyalisha.

Halafu kuna oksijeni. Mwisho wa Desemba 2020 na Januari 2021, sangara wakubwa walielea wakiwa wamekufa katika mialo mingi ya Victoria na Kyoga. Uvumi wa sumu ulienea, watu wakaacha kula samaki. Maelezo ya wataalamu yalikuwa mengine: mimea na mwani vinavyooza chini humaliza oksijeni ya maji ya kina, na dhoruba kali zikiyapindua maji hayo kuja juu, samaki hukosa pumzi. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kuliko sato au kambare, na sangara mkubwa kuliko mdogo, ndiyo sababu waliokufa walikuwa wakubwa wa aina moja. Chanzo cha mwani ni rutuba inayotoka nchi kavu.

Baharini sura ya tatizo hilo ni joto. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa mfululizo, matumbawe hutoa vile vimwani vinavyowalisha na kubaki meupe. Mwaka 1998 miamba mingi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikufa hivyo, ndani ya hifadhi na nje yake bila kubagua. Hifadhi haikuzuia kifo, ila pale ambapo samaki wanaokula mwani walikuwa wameachwa hai, mwamba una nafasi nzuri zaidi ya kuota tena kabla mwani haujaufunika.

Kwa sababu hizi, kanuni ya mwaka 2000 inayoweka ukanda wa mita 200 kandokando ya maziwa makubwa ya Uganda, na mita 100 kwa madogo, pengine ni sheria ya samaki muhimu kuliko sheria za nyavu, ingawa haimtaji samaki. Inavunjwa mchana kweupe na hoteli, mashamba ya maua na makazi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kisichoonekana tangu mwaka 1964 na kuyaingia mengi ya majengo hayo. Wenyewe walilalamika kwamba maji yamewavamia.

Uzio wa mafunjo

Tuje kwenye ule mpaka ambao samaki anauheshimu. Sangara aliingizwa Victoria na Kyoga kuanzia miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 idadi yake ililipuka, na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao nkejje, ambao wengi wao hawapatikani kokote kwingine duniani, zilitoweka au kubaki chache. Hakuna hifadhi iliyotangazwa kuwaokoa. Walionusurika walijiokoa mahali ambapo watu walipaita pabaya.

Ndani ya vinamasi vya mafunjo maji ni meusi, yametuama, na oksijeni yake ni kidogo sana, kwa kuwa mkeka wa mimea huzuia upepo na mwanga na mabaki yanaoza muda wote. Sangara akiingia humo hupungukiwa pumzi. Nkejje wengi wanaivumilia hali hiyo. Baadhi huja juu na kuvuta ule utando mwembamba wa maji unaogusa hewa. Kwa hiyo ukingo wa kinamasi ni ukuta kwa mla na mlango kwa mliwa. Ndivyo ilivyoonekana kandokando ya Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, ambako sangara aliwekwa miaka ya 1960. Vijiziwa vya jirani kama Kayanja na Kayugi, vilivyotengwa na vinamasi, havikupata sangara na vimebaki na samaki wao wa asili, na hali ya namna hiyo ipo pia katika vijiziwa vinavyozunguka Kyoga.

Uzio huu haulipwi mshahara, haupokei rushwa, na unafanya kazi usiku. Unavunjwa kwa njia mbili: kukata mfereji wa mtumbwi kupitia mafunjo, au kuyachoma ili kulima mpunga. Mfereji wa mita mbili unaingiza maji yenye oksijeni, na sangara hufuata. Kwa maoni yetu, ikiwa Uganda inatafuta mahali pa kuweka fedha za lengo la asilimia 30 upande wa maji, mikeka hii ya mafunjo ndiyo ianze, kabla ya kutangaza ghuba yoyote kwa maboya. Eneo la ardhi oevu nchini limeshuka kutoka karibu asilimia 15 ya nchi mwaka 1994 hadi chini ya asilimia 10, na kila kipande kilichokaushwa kilikuwa ama kichujio ama uzio, mara nyingi vyote viwili.

Anayelipa ni nani

Upande wa bahari kuu, yaani maji yaliyo zaidi ya maili 200 za baharini kutoka pwani, hadi juzi hapakuwa na njia ya kisheria ya nchi zote pamoja kutangaza hifadhi. Mkataba mpya uliopitishwa Juni 2023 umeanza kutumika Januari 2026. Nchi zisizo na pwani zina nafasi ndani yake, zikiwemo haki za kugawana faida ya vinasaba vya viumbe wa bahari kuu. Hilo si dogo kwa Uganda, ingawa ulinzi wenyewe utategemea setilaiti zinazofuatilia meli, na meli huzima redio zake.

Ziwani swali la fedha ni gumu zaidi. Mbuga ina geti. Mgeni anasimama, analipa, na sehemu ya alicholipa inaweza kufuatwa hadi kwa jirani. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1994, kimeweza kujiendesha kwa wageni kwa sababu mwamba wake ni mdogo na unazungukika. Victoria haina geti. Kinachokaribiana na geti ni mahali pachache ambapo samaki lazima apite: mwalo uliosajiliwa, mizani ya kiwanda cha minofu, na forodha ambako mabondo hupita. Tozo ikikusanywa hapo na sehemu yake ikarudishwa kwa mialo inayolinda ghuba na mafunjo yake, mvuvi wa mwalo huo angekuwa na anachopoteza pindi jirani yake anapoingiza kokoro. Kwa sasa hana. Faini zinaenda mfuko mkuu, wavu unachomwa, na deni la wavu linabaki kwake, kwa hiyo wiki inayofuata anarudi ziwani na wavu mwingine wa macho madogo, maana ndio wa bei nafuu.